Ubao wa Sauna ya Suopelto

Jengo la Suopelto liliuawa na kikohozi. Ndivyo watu wa mjini walivyosema, na hawakukosea sana. Chuo kikuu kililijenga juu ya kinamasi, enzi za kina babu, na kikaliwekea paa bapa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fasheni, kana kwamba theluji nayo hufuata fasheni. Kila mwaka theluji ilipoyeyuka, maji yalikaa juu kama mgeni asiyeaga, kisha yakashuka taratibu ndani ya kuta. Koga ikaota. Walimu wakakohoa, kuta zikapakwa rangi mpya, walimu wakazidi kukohoa. Mwishowe milango ikafungwa na mitambo ikaletwa.

Saimi alisimama nje ya uzio, mwanawe Eelis akiwa amemng'ang'ania mguu. Hakuja kuliaga jengo. Alikuja kutafuta ubao mmoja.

Chini kabisa, kwenye ghorofa ya ardhini, palikuwa na sauna ya wanafunzi, chumba cha kuoga mvuke wa mawe ya moto. Aliyefaulu mtihani wa mwisho aliogeshwa na wenzake kwa mvuke, kisha akapewa kisu achonge jina lake kwenye benchi la juu. Tarmo, mumewe Saimi, alichonga kabla ya kufaulu. Wenzake walimfumania akiwa bado hajamaliza, wakampokonya kisu, wakamshusha benchi la chini wanakokaa watoto. "Kaa hapo, profesa," walimwambia, "mpaka ndevu ziote." Naye akacheka, akasema atamalizia mwezi wa sita, akishafaulu. Mwezi wa nne barafu ya ziwa ilimfungukia miguuni, ikammeza. Eelis alikuwa bado tumboni.

"Mbao hazitoki hapa, dada," alisema Hannes, msimamizi wa ubomoaji, akijifuta vumbi. "Zote zinakwenda kuchomwa. Zina koga mpaka kwenye kiini."

"Nataka mmoja tu. Una jina la baba yake huyu."

Hannes alimtazama mtoto, akatazama mtambo, akatema mate pembeni. "Wake za watu mtanifukuzisha kazi," alinung'unika. Aliuliza jina, akaingia, akarudi na ubao ameuviringisha kwenye plastiki. "Sikiliza. Usiufungue ndani ya nyumba. Ukiuingiza huu, umeliingiza jengo zima."

Saimi aliuweka kwenye roshani. Akamwonyesha Eelis kupitia kioo: "Ule ni wa baba." Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Mtoto ukimwambia kitu ni cha babaye, utamwambiaje tena asikiguse?

Alfajiri alimsikia akikorota. Alimkuta kitandani ameukumbatia ubao, plastiki iko sakafuni, midomo imeanza kugeuka rangi. Saimi alimpulizia dawa ya pumu, akamkalisha wima mapajani, akimsugua mgongo na kumwimbia vitu visivyo na maneno. Pumzi zilirudi moja moja, kwa kusitasita. Chumba kizima kilinuka Suopelto, ile harufu ya gazeti lililolowa. Humo humo Suopelto, katika masomo ya jioni ambayo hajayamaliza hadi leo, ndimo alimomfahamu Tarmo. Kumbe harufu hiyo ameipenda miaka yote.

Jumamosi waliuchukua hadi kwa Kerttu, mama yake Tarmo, kando ya ziwa. Kerttu alikuwa amekwisha kuandaa kahawa na mikate ya iliki. Aliusoma ubao huko huko nje, kwa kidole, akaishia pale jina lilipoishia.

"Nipe kisu, mama," Saimi alisema. "Nimmalizie herufi moja."

"Hakufaulu, mwanangu."

"Imebaki herufi moja tu."

"Najua. Nimemzaa mimi, wala simdanganyii." Sauti yake ilikuwa kavu, lakini kidole hakikuondoka kwenye ubao. "Kifua cha huyu mtoto hakiwezi kuishi na hiki kitu. Na wewe ukikiacha kwangu bandani, utakuja kila Jumamosi kulia na kuni."

Saimi alikuwa amekwisha kuliona banda lile kichwani, na yeye ndani yake.

Kerttu aliukata ubao vipande kwa shoka, akavitia mwenyewe kwenye jiko la sauna, akaufunga mlango wa chuma. Moto ulinguruma, kisha ukatulia. Harufu yote ilitoka na bomba la moshi, ikaelekea ziwani.

Mawe yalipopata joto, waliingia wote watatu. Eelis alikaa benchi la chini.

"Baba yuko kwenye jiko?" aliuliza.

"Jina lake tu," Saimi alisema. "Yeye naye alikalishwa benchi la chini, kama hilo lako."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na haraka."

Kerttu alimwaga maji juu ya mawe. Mvuke ukapanda, ukawashukia mabegani kama blanketi zito, na bibi akasema bila kumtazama mtu: "Saimi, ukimaliza hayo masomo yako ya jioni, benchi langu la juu halina jina. Kisu kiko jikoni, ndani ya nyumba. Ila ufaulu kwanza."

Saimi aliinamisha kichwa hadi sikio likafika mgongoni kwa mwanawe. Alisikiliza kwa muda mrefu. Pumzi iliingia, ikatoka, safi, bila kukwaruza popote.