Sauti Namba Kumi na Moja

Saa nne asubuhi Bi Kiuno alifika kwenye mlango wa wodi ya wazazi, akaweka mkoba wake juu ya meza ya mlinzi na kuufungua mwenyewe kabla hajaambiwa. Mlinzi alitoa kitu kimoja kimoja: chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, mafuta ya kukandia, shuka mbili, mrija wa kunywea, na kitana cha mbao ambacho mwanamke hukibana kiganjani uchungu ukipamba moto. Akavirudisha vyote. Kisha akafungua mlango mdogo wa kabati la chuma lililokuwa nyuma yake.

"Haya mama, sema jina lako."

Bi Kiuno aliinama, akasogeza mdomo kwenye mlango ule, akasema jina lake. Mlinzi akafunga upesi, kama mtu anayefunika sufuria, akampa kipande cha plastiki chenye namba kumi na moja. Sauti ikabaki kabatini. Mwenye sauti akaingia wodini.

Ulikuwa mwaka wa pili wa utaratibu huo. Bi Kiuno hakuwa mkunga wala muuguzi. Kazi yake ilikuwa kukaa na mwanamke tangu uchungu wa kwanza mpaka mtoto anyonye: kumkanda kiuno, kumnywesha maji, kumhesabia pumzi, kumkumbusha alichokitaka kabla maumivu hayajamsahaulisha. Hospitali haikuwa na jina la kazi hiyo. Kwenye daftari la mlangoni aliandikwa "mgeni", siku nyingine "jamaa", na siku moja mlinzi wa zamu aliandika "mzigo". Mkuu wa wodi alipochoshwa na wageni wanaouliza maswali, aliagiza lile kabati. Anayetaka kumsindikiza mzazi aingie na mikono tu.

Kabati lilikuwa na kasoro zake. Kuna siku mlinzi alimpa Bi Kiuno sauti ya fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki. Alikaa nayo siku mbili. Mumewe, ambaye alikuwa anatengeneza magodoro, alikata simu mara tatu, akisema hana muda na mwanamume mzima anayemwita mume wangu.

Hilo lilirekebishwa. Kilichomtia wasiwasi kilianza baadaye. Sauti ilianza kurudi imechoka. Anaichukua saa kumi jioni, inakwaruza kama ya mtu aliyeshinda akinadi sokoni. Wiki nyingine ilirudi inanuka glavu. Kisha ikaja siku alipofika nyumbani, akafungua mdomo amsalimie mumewe, na kabla ya salamu likatoka neno jingine.

"Kubali, mwanangu."

Mumewe aliweka sindano ya magodoro chini. "Nikubali nini? Na tangu lini mimi ni mwanao?"

"Sikulisema mimi hilo. Lilikuwa limebaki humo."

"Basi kuna mtu anaitumia," alisema mumewe, akarudi kushona. "Mimi fundi mwenzangu akitumia mkasi wangu najua tu. Unarudi butu."

Tangu siku hiyo Bi Kiuno alimtilia shaka kila mtu mle wodini. Alimwangalia mlinzi, akaona mikono mitulivu. Aliwaangalia wakunga. Mmoja alikuwa mcheshi kupita kiasi na mwingine hakumwangalia usoni kabisa, na hakujua yupi wa kumwogopa zaidi.

Na siku hii ya namba kumi na moja alikuja kwa ajili ya fundi cherehani, binti wa miaka ishirini na saba, mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alimzaa hapo hapo. Walimwongezea njia kwa mkasi bila kumwuliza, wakamshona vibaya, akakaa miezi mitatu bila kuweza kuketi kwenye cherehani. Kwenye fomu waliandika kwamba aliulizwa na akakubali. Alipomwendea Bi Kiuno alikuwa na ombi moja tu.

"Shangazi, sikatai kukatwa. Kama mtoto anapata shida, wakate. Ila waniulize. Waniulize mimi, nijibu mimi."

Wakafanya mazoezi ya mikono sebuleni kwake, kwa kuwa sauti ingebaki mlangoni. Kubanwa mkono mara moja maana yake pumua. Kubanwa mara mbili maana yake uliza kwa nini. Fundi cherehani alijifunza upesi, ana vidole vya kazi.

"Karibu, mama wa mafuta," mkunga mcheshi alimpokea. "Leo unamkaanga nani?"

Bi Kiuno alitabasamu na kwenda kitanda cha tatu. Fundi cherehani alikuwa amesimama, ameushika ukingo wa kitanda, anayumba. Bi Kiuno akapiga goti nyuma yake, akaanza kumkanda. Saa mbili zikapita hivyo. Maji kidogo, mrija, kiuno, pumzi. Kubana mara moja. Mkunga akasema apande kitandani, mtu hazai amesimama kama twiga. Bi Kiuno akabana mara mbili.

"Kwa nini?" aliuliza fundi cherehani.

Mkunga alifikiri. "Basi simama kwanza."

Bi Kiuno akaanza kuamini kwamba siku ingeisha vizuri.

Saa nane kasoro robo mwanamke alikuwa amelala kitandani kwa hiari yake, anasukuma. Mapigo ya mtoto yalikuwa mazuri. Bi Kiuno aliyasikia kwenye mashine, aliyajua. Daktari akaingia, akatazama, akatazama na saa yake.

"Zamu inaisha," alisema mkunga yule asiyemwangalia mtu usoni.

"Tumwongezee njia basi, tumalize," alisema daktari, akanyoosha mkono kwenye trei.

Bi Kiuno akabana mara mbili.

"Kwa ni—" alianza fundi cherehani, macho ameyafumba, jasho linamtiririka.

"Kubali, mwanangu," ilisema sauti ya Bi Kiuno kutoka nyuma ya pazia. "Usibishane nao. Ni kidogo tu. Mimi nipo hapa."

Ilikuwa sauti ile ile iliyomhesabia pumzi sebuleni. Uso wa mwanamke ukalegea. Bi Kiuno akabana mara mbili, mara mbili tena, mara mbili tena. Kati ya pazia na ukuta alimwona mkuu wa wodi, mama mnene mwenye miwani, amesimama na kopo la chuma la kuhifadhia pamba, kifuniko amekiinua kidogo kwa kidole gumba.

"Haya," alisema fundi cherehani.

Mkasi ukafanya kazi yake. Bi Kiuno aliendelea kubana, mpaka yule mwanamke akauchomoa mkono wake na kuuweka kifuani.

Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye kelele. Mkunga akajaza fomu palepale: mzazi aliulizwa, akakubali, msindikizaji akiwepo. Fundi cherehani alimnyonyesha mtoto, kisha akageuza shingo.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, shangazi."



Bi Kiuno alikwenda mlangoni, akatoa kipande chake cha plastiki. Mlinzi akamwomba asubiri kidogo, namba kumi na moja bado iko wodini. Baada ya dakika tano mhudumu aliileta. Bi Kiuno aliivaa sauti yake ingali na joto na kwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa wodi.

"Mnatumia sauti yangu."

"Keti," alisema mkuu wa wodi, akavua miwani. "Ndiyo. Kitu kikiwekwa kwenye kabati la hospitali, ni cha hospitali mpaka kitoke. Imeandikwa nyuma ya kile kipande."

Bi Kiuno alikuwa amekirudisha kile kipande. Hakuwahi kukigeuza.

"Wanakuamini," mkuu wa wodi aliendelea. "Sisi tukisema kubali, wanauliza kwa nini. Wewe ukisema, wanalegea. Tangu tuanze, kila fomu ina kibali. Nilitaka hata nikupe barua ya shukrani, sema sijui niiandike kwa cheo gani."

"Mwulizeni mwanamke. Ni swali moja tu, dada."

"Nina vitanda kumi na wawili na wakunga wawili. Swali moja mara kumi na mbili, na kila mmoja ana jibu refu." Akavaa miwani. "Ukitaka, usije. Waje peke yao."

Siku ya tatu Bi Kiuno alikwenda kumwona mzazi nyumbani, kama kazi inavyotaka. Fundi cherehani alikuwa anashona akiwa amesimama. Alikuwa ameipandisha cherehani juu ya matofali na anaizungusha kwa mkono. Mtoto alikuwa amelala ndani ya kapu la vitambaa.

Bi Kiuno alimweleza yote: kabati, kopo la pamba, pazia. Hakuficha kitu. Yule mwanamke alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani.

"Nakuamini," alisema. "Kabati lile naliona kila nikipita. Najua hukuwa wewe."

"Pole, mwanangu."

"Hapo ndipo penyewe." Akasimamisha cherehani. "Unasema pole, mimi nasikia kubali. Nisaidie kazi tu, shangazi, lakini usiseme nami."

Bi Kiuno akachemsha maji, akaandaa beseni, akamsaidia kukaa ndani yake, akamwogesha mtoto, akafua. Kazi zote alizifanya bila neno. Alipotoka aliaga kwa mkono.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mwanamke mwingine, mwalimu wa shule ya msingi, mimba ya kwanza. Walikaa sebuleni, mwalimu akiwa na daftari la kuandikia maswali. Bi Kiuno alimfundisha kupumua. Akamfundisha kubana. Kisha akamwambia jambo ambalo sasa alikuwa anawaambia wote.

"Mle wodini, ukinisikia nasema chochote, si mimi. Usinisikilize. Hata nikikuita mwanangu. Hata nikisema mimi nipo hapa."

Mwalimu aliandika. Akasoma alichoandika, akainua uso na kumkazia macho kwa muda.

"Sawa," alisema. "Na haya unayoniambia sasa hivi, anayasema nani?"

Bi Kiuno alitaka kujibu upesi. Kisha akalisikiliza koo lake mwenyewe, kama mtu anayesikiliza chumba ambacho pengine kina mtu. Halikumwambia kitu.

"Lala kwa ubavu," alisema mwishowe, "nikukande kiuno."

Mwalimu alilala kwa ubavu. Daftari hakuliacha.