Bundi wa Ghala la Mbegu

Mjomba aliniachia ghala la mbegu la ushirika macho yake yalipoanza kufifia. Kaya mia mbili zilitegemea mbegu zile, lakini masharti yake yalikuwa machache: magunia yakae juu ya mbao, mlango ufungwe, na tundu la ukuta wa nyuma lisiguswe. Bundi wawili waliishi darini, wakipitia tundu hilo.

"Panya wakizidi, bundi wanataga mayai sita," aliniambia. "Wakipungua, mawili, au hawatagi kabisa. Wanajipimia wenyewe. Wewe usiwapimie."

Nilimwitikia kwa adabu, moyoni nikamcheka. Mimi ni mtu wa usafi, na vinyesi vyao vilivyopenya nyufa za dari hadi kwenye magunia vilinikera kupita kiasi. Wakaguzi walipokaribia kuja, nilipanda ngazi saa nne asubuhi nikaziba tundu kwa saruji. Nilidhani bundi wametoka kuwinda, maana saa ile mimi mwenyewe huwa kazini.

Kesho yake nikasikia mikwaruzo darini. Hao ni panya, nikasema, nikamwaga sumu kila kona. Siku ya sita kukawa kimya. Nilijisifu kwa mke wangu mpaka akachoka kunisikiliza.

Baada ya miezi mitatu panya walikuja kwelikweli. Sumu iliwaua, na waliobaki wakazaa wengi kuliko waliokufa. Mbegu zilikuwa zinageuka pumba, na mvua ilikuwa karibu. Mjomba akaja na fimbo yake, akapapasa gunia moja, mkono ukazama ndani.

"Tundu uliliziba lini?"

"Kabla ya wakaguzi, Mjomba."

"Nakuuliza saa ngapi."

"Saa nne asubuhi."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema tu nichukue nyundo.

Nilibomoa. Wale wawili walikuwa wamekauka wakiegemea saruji, kucha zimelika kwa kukwaruza. Chini yao kulikuwa na makinda sita. Walijua panya wanaongezeka kabla mimi sijajua.

Tuliokoa nusu ya mbegu. Kaya nyingine hazikupanda. Tundu liko wazi mwaka wa pili huu, na hakuna bundi aliyeingia. Panya wamo, nawasikia, najua ni panya. Hata hivyo kila mikwaruzo inapoanza naacha kazi, napanda ngazi na kupapasa ukuta, nihakikishe sijamzibia mtu.