Tangi la Chuma na Kona ya Mkunga

Kazini walimwita Futi, kwa sababu futi ya chuma haikumtoka kiunoni. Hata siku ya harusi ya mdogo wake kuna walioapa kwamba waliiona ikichungulia chini ya mtandio. Kazi yake ilikuwa kutafuta njia. Kampuni yao ilibeba mizigo mipana, mitambo na majenereta na mapipa makubwa ya viwandani, na mzigo wa namna hiyo hauondoki kabla mtu hajatangulia na gari dogo kuangalia barabara inabana wapi, nguzo imesimama wapi, ukuta wa nani umejitokeza. Futi alitangulia, akapima, akachora, kisha akamkabidhi dereva.

Dereva alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Wenzake walimbatiza Taratibu na jina likamkaa, maana hata chai aliinywa kama anavuka daraja bovu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi bila kukwaruzana wao kwa wao, wala kukwaruza ukuta wa mtu.

Halafu likaja tangi la kiwanda cha sabuni.

Lilikuwa tangi la chuma, limelazwa ubavu juu ya trela, nalo lilijitokeza pande zote mbili kama mtu aliyekalia kiti cha mtoto. Njia za kufika kiwandani zilikuwa mbili. Moja ilizunguka kupitia machimbo ya mawe, ndefu na yenye vumbi, lakini pana. Nyingine ilikata katikati ya mtaa wa nyumba za zamani, fupi, halafu mwishoni ikapinda ghafla kwenye kona. Futi hakuhitaji hata kufikiria. Alichora njia ya machimbo, akaiweka mezani kwa bosi, akaenda zake kunywa chai.

Aliporudi alimkuta mwenye kiwanda ofisini. Alikuwa mtu wa manukato na maneno laini, yale maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

"Dada yangu, nimesikia sifa zako," alisema. "Tatizo ni moja tu. Barabara ya machimbo imefungwa. Wanaitengeneza. Itabidi tupite mtaani."

"Imefungwa lini? Nilipita juzi."

"Jana. Ndiyo nasema."

Futi alimgeukia bosi. Bosi alikuwa anatafuta kitu kwenye droo, na alikitafuta kwa muda mrefu kuliko droo ile ilivyokuwa kubwa.

"Hata shemeji yako ameshakubali," bosi alisema bila kuinua kichwa. "Amesema mtaa ule anaumudu. Jumamosi asubuhi mnaondoka. Usitie shaka."

Hapo ndipo machale yalipomcheza. Taratibu, mtu ambaye husimamisha lori akashuka kulitazama tawi la mti, akubali kuingiza tangi lile mtaani? Tena akubali bila kumwambia yeye?

Hakubishana. Alichukua ufunguo wa gari dogo akaenda machimbo.

Kweli barabara ilikuwa imezibwa. Kifusi kilimwagwa katikati, na mbele yake yalisimama mapipa mawili yaliyofungwa vitambaa vyekundu. Lakini hapakuwa na fundi, wala koleo, wala hata alama ya tairi la mtambo. Futi alikizunguka kifusi. Kilikuwa matofali yaliyovunjika na vipande vya plasta. Hakuna mtu anayetengeneza barabara kwa plasta ya ukutani.

Ng'ambo ya pale palikuwa na kibanda cha fundi wa pancha. Futi alimsalimu, akamuuliza waliofunga barabara wamekwenda wapi.

"Waliofunga?" Fundi alicheka. "Lori lilikuja, likageuza, likamwaga, likaondoka. Nikadhani wanatupa taka. Ndipo wakashusha na mapipa, nikasema, eh, siku hizi taka zina walinzi."

"Lori la nani?"

"La bluu. Yale yanayojenga kule kwenye kiwanda cha sabuni."

Futi alimshukuru, akaingia ndani ya gari, akakaa kidogo bila kuwasha. Kwa nini mtu afunge barabara pana ili mzigo wake mwenyewe upite kwenye barabara nyembamba? Aliligeuza swali hilo huku na huku, likakataa kukaa.

Akaenda mtaani. Alipima tangu mwanzo, ukuta kwa ukuta, na hadi kwenye kona mambo yalikuwa ya kubana lakini ya kuwezekana. Kwenye kona yakaisha. Palikuwa na nyumba ya zamani ya udongo na chokaa, na ubavu wake ulijitokeza barabarani kama kiwiko cha mtu aliyelala. Futi alipima, akafuta, akapima tena. Tangi lisingepita hata kama lingepakwa mafuta. Lingeugonga ukuta ule sawasawa, na nyumba ya udongo ikigongwa pembeni haibaki na pembe nyingine.

Mwanamke mzee mwenye mgongo ulionyooka alitoka mlangoni. "Na wewe umetumwa?" aliuliza.

"Nani anitume, mama?"

"Wa sabuni. Wanakuja kila mara. Wanataka hapa pawe geti lao. Nimewaambia siuzi. Nilikuwa mkunga mimi, nusu ya mtaa huu nimeipokea kwa mikono yangu kwenye chumba kile pale. Sihami." Alimtazama Futi kiunoni. "Na wewe mbona una futi?"

Futi aliifunika futi kwa kiganja. Akasema anapima barabara tu, na mkunga akamwangalia kwa jicho la mtu aliyeshasikia "tu" nyingi maishani.

Sasa lile swali lilikaa. Tangi likigonga, itaitwa ajali. Hakuna atakayeulizwa zaidi ya dereva na aliyepima njia. Mkunga atahama kwa sababu hatakuwa na pa kulala, na geti litapata mahali pake. Lakini kilichomuuma si mwenye kiwanda, wa sabuni hamjui. Kilichomuuma ni shemeji.

Alimkuta Taratibu karakanani, amejiinamia juu ya mikanda ya trela. Alipomwona, aliinuka haraka na simu aliyokuwa nayo mkononi akaiingiza mfukoni.

"Shemeji, unauonaje ule mtaa wa nyumba za zamani?" Futi aliuliza, akijitahidi sauti itoke ya kawaida.

Taratibu alimtazama. Macho yake yalikuwa mageni. "Itapita tu," alisema. "Si ndiyo mnavyosema?"

"Itapita?"

"Shemeji, nina kazi." Akainama tena.

Miaka yote hiyo hakuwahi kumpa kisogo. Futi aliondoka. Akajisemea, wamemnunua. Jioni alipita kwa mdogo wake kwa kisingizio cha kurudisha sufuria. Walikaa jikoni, mdogo mtu akikata vitunguu.

"Mumeo mzima?"

"Sijui nikwambieje, dada. Hali vizuri. Nikimuuliza anasema kazi. Halafu jana ananiuliza, eti, dada yako ana shida yoyote? Kuna kitu anakihitaji sana?" Aliacha kukata. "Una shida gani wewe?"

"Mimi? Sina shida."

"Basi mbona ameniuliza?"

Futi alidhani ameelewa. Shemeji anapima kama naye anaweza kununuliwa, ili wawe wawili. Alitamani kumwambia mdogo wake, akashindwa. Utamwambiaje mtu jikoni kwake kwamba mume wake amekubali kubomoa nyumba ya mkunga? Akasema vitunguu vinamwasha macho, akaaga.

Bosi hakupokea simu yake Ijumaa, wala hakuonekana ofisini. Futi aliamua atatangulia kama kawaida, na kwenye njia panda, pale mtaa unapoachana na barabara ya machimbo, atalikingamisha gari dogo mdomoni mwa mtaa. Kama shemeji anataka kupita, na aanze kwa kumgonga yeye.

Jumamosi asubuhi waliondoka na jua jepesi. Futi mbele na vibendera vyake vyekundu, tangi nyuma likinguruma, watu wa kupakia na kupakua wamekaa juu ya trela. Kwenye kioo aliliona lori likija polepole, na uso wa Taratibu juu ya usukani, umekauka. Hawakusemeshana kwenye redio ya gari, na siku nyingine wangekuwa wameshataniana mpaka wakachoka.

Kabla tu ya njia panda, lori likasimama. Taa zote za dharura zikaanza kuwaka na kuzimika.

"Kuna nini?" Futi aliuliza redioni.

"Injini imechemka," sauti ikajibu. "Haiendi tena. Tusubiri."

Tusubiri nani? Futi alijiuliza. Wanakuja wangapi? Akaingiza gari mdomoni mwa mtaa, akalikingamisha, akazima, akachomoa ufunguo akaushika kwenye ngumi. Taratibu alishuka, akaja kwa miguu. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alikuwa anatembea haraka.

"Mbona umeziba njia?" alisema.

"Kwa sababu hupiti hapa. Leo hupiti, shemeji. Labda upite juu yangu."

Taratibu alishika mlango wa gari. "Nani kasema napita?"

"Bosi. Kasema umekubali. Kasema mtaa unaumudu."

"Mimi?" Alijishika kifuani. "Mimi bosi kaniambia wewe ndiye umepima ukasema panatosha! Kaniambia nisikuulizeulize, hutaki maneno. Nikaja kuangalia mwenyewe. Nikaona ile kona, picha yake ndiyo nilikuwa naitazama kwenye simu ulipotokea karakanani. Nikajiuliza, Futi ninayemjua mimi, apime pale aseme panatosha? Nikasema basi, wa sabuni wamempa kitu." Sauti ilimkatika. "Nikashindwa kulala. Nitamwambia nini mke wangu?"

Futi alimkodolea macho. "Kwa hiyo yale ya itapita tu..."

"Nilikuwa nakutega! Nilitaka ukatae. Na wewe ukaniuliza 'itapita?' kama mtu aliyefurahi."

"Nilifurahi mimi? Nilitaka kulia!"

"Ningejuaje? Uso wako ukiwa kazini ni uleule."

Walitazamana. Futi akacheka kwanza, kicheko kibaya cha mtu aliyebeba jiwe kutwa nzima. "Na injini?"

"Injini haina hata homa. Nilipanga ife hapahapa mpaka jioni. Nisingeingia kule."

Hawakupata nafasi ya kusema mengi. Mwenye kiwanda alikuwa anakuja kutoka mtaani, amevaa kofia mpya ya ujenzi ambayo haijawahi kuona vumbi. Alikuwa akisubiri kule kwenye kona.

"Mbona mmesimama? Twendeni!"

"Tunapitia machimbo," Futi alisema.

"Nimewaambia imefungwa!"

"Tutaifungua. Ni plasta na matofali."

Mtu yule alibadilika rangi. Yale maneno laini yakamwishia. "Mnanipotezea muda kwa ajili ya kibanda cha udongo? Hata ukuta ukiguswa kidogo, si ningemjengea yule bibi pengine?"

Hakuna aliyekuwa ametaja ukuta wala bibi. Watu wa juu ya trela walikuwa wameshuka na wamesikia. Mwenye kiwanda naye akasikia alichosema. Akaitoa ile kofia, akaivaa tena, akapiga simu akiwa anaondoka.

Kule machimbo walichimbua kifusi kwa makoleo na mikono. Fundi wa pancha alisaidia kuyasukuma mapipa, akaomba abaki nayo, akaambiwa achukue na vitambaa vyake. Hakutokea mtu kuwauliza kwa nini wanafungua barabara. Mchana tangi lilikuwa limeshuka kiwandani, halina mkwaruzo, na mlinzi akalipokea bila neno kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia akatae.

Wakati wa kurudi Futi alisimama kwa mkunga. Alimwambia yote, na habari za lori la bluu, na kwamba yeye na watu wa trela wako tayari kuyasema popote watakapoitwa. Mkunga alimsikiliza, akamletea maji, lakini hakumkaribisha ndani. Futi hakumlaumu.

Jioni mdogo wake aliwacheka wote wawili mpaka akakaa chini. "Watu wazima!" alisema. "Mnaweza kupitisha nyumba nzima mjini, neno moja tu mmeshindwa kulipitisha!" Taratibu alicheka, na Futi alicheka, lakini kila mmoja alimwibia mwenzake jicho akiwa anacheka. Kila mmoja alikuwa ameyaamini ya mwenzake haraka mno, na hilo halikuondoka kwa siku moja.

Jumatatu bosi alikuja na bashasha zake. Alisema aliambiwa hivyo na mwenye kiwanda, kwamba wote wawili wamekubali, naye akapokea tu. Pengine ndivyo. Alisema akitafuta kitu kwenye ile droo. Kisha akamsukumia Futi kazi mpya, jenereta la hospitali, na kumwambia kwamba bosi mwenyewe ndiye atakayemjulisha dereva.

"Usisumbuke," Futi alisema. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akampigia shemeji yake palepale mezani na kufungua sauti ya simu hadi mwisho.

"Shemeji, niko na bosi hapa, anakusikia. Nakusomea njia. Usipoelewa, sema sasa hivi."

"Soma," Taratibu alisema. "Na polepole."