Maneno Chini ya Picha

Wybrand, mdogo wangu, alirudi Haarlem Jumanne asubuhi, na mimi sikumwambia karibu. Miaka minane! Alitorokea Leiden na mabamba ya shaba ya Baba, akayauza, huku mzee anakata roho macho mlangoni. Leo eti amesimama kwenye karakana yangu ya kuchapa picha, amekonda hadi huruma inaniudhi.

"Dada Teuntje, nipe kazi yoyote. Hata ya kusaga wino."

"Wino nasaga mwenyewe. Mwizi sina haja naye."

Lakini nilikuwa nimebanwa. Picha ya mwana mpotevu ilitakiwa Ijumaa. Kwenye bamba nilishachonga baba, mwana, mpaka nguruwe. Yalibaki maneno ya chini, na mchonga herufi wetu alikuwa mgonjwa. Herufi huchongwa kinyumenyume ili karatasini zisomeke sawa, na kwa hilo Wybrand hakuwa na mwenzake. Nikamsukumia bamba.

"Andika 'Baba, nimekosa.' Basi. Ukimaliza, shika njia."

Sikutulia. Naketi, nainuka, nachungulia dirishani, nafuta meza iliyokwisha futwa. Hasira inanipanda, inashuka, inapanda tena. Yeye kainama tu, kalamu yake ya chuma inakwaruza.

Alipomaliza nikapaka wino, nikapitisha bamba mtamboni, nikabandua karatasi. Herufi safi, nzuri ajabu. Nikasoma: "Dada, nimekosa."

"We! Una wazimu? Haya ni maneno ya Injili!"

"Najua."

"Sasa?"

"Baba nitamwambia wapi, Dada? Nimechelewa." Akaliweka bamba mezani. "Nimejaribu kuandika 'Baba', mkono umekataa."

Nikalia mbele yake, jambo nililoapa sitalifanya kamwe.

"Lifute hilo neno," nikasema. "Sugua mpaka shaba ing'ae, kisha uandike Baba."

Akanywea. "Kwa hiyo hunisamehe."

"Mjinga wewe! Umeniambia mimi, nimesikia. Wanunuzi wa picha sokoni yanawahusu nini? Sugua taratibu, usije ukanitobolea shaba. Halafu upande juu. Kitanda chako kiko palepale, sijakisogeza. Kina vumbi la miaka minane, ukikung'ute mwenyewe."