Injini Iliyooshwa Kila Jumamosi

Mdogo wangu alinipigia simu mimi kabla ya kumpigia mkewe, na aliloniambia lilikuwa fupi: harudi. Huko aliko amepata mtu, wana mtoto anayeanza kutembea, na maisha yake sasa yako kule. "Mwambie wewe, dada," akasema. "Wewe unajua kuongea naye." Nilimjibu maneno ambayo mama yetu angekuwa hai angenizaba kofi. Kisha nikavaa viatu nikatoka, maana habari ya namna hiyo haipelekwi kwa simu, na aliyestahili kuipeleka alikuwa mwoga.

Nilimkuta wifi yangu uani, chini ya kibanda cha mabati, kichwa kimezama ndani ya boneti. Alikuwa amevaa ovaroli ya mumewe, imemmeza mikono na miguu.

"Wifi! Mungu amekuleta," akasema bila kuinuka. "Shika tochi hapa. Pampu ya maji inavuja na boliti hazitaki kutoka. Mwezi ujao mwenzangu anakuja, nataka akifika akute gari lake linawaka."

Nikafungua mdomo niseme. Akanitia spana mkononi.

Siku ile mdogo wangu anasafiri, begi liko begani, alimwambia mkewe alitunze gari, asiruhusu fundi yeyote aliguse mpaka arudi. Mimi namjua, nimembeba mgongoni. Alilisema hilo kama mtu anavyosema "nisalimie nyumbani", na nadhani alilisahau kabla hajakata kona. Mwenzake akalishika kama amana. Fundi wa mtaani alipita mara nyingi akiomba kulitazama gari, akafukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni.

"Sasa mimi unaniruhusu kwa sheria gani?" nikamuuliza.

"Wewe si fundi. Wewe ni damu yake."

Fundi alikuwa baba yetu. Alitulea sisi wawili kwenye gereji yake, tukanusa oili kabla ya kujua kusoma. Mimi nikaishia kushona nguo, lakini mkono haukusahau. Nikainama nitazame. Pampu ilishikwa na boliti nne, na zote zilikuwa nyekundu kwa kutu, kana kwamba gari lilifukuliwa kutoka mtoni.

"Hili gari liko chini ya paa miaka yote. Kutu hii imetoka wapi?"

"Sijui. Na ninavyolitunza! Kila Jumamosi naliosha, nje, ndani, mpaka huko kwenye injini. Naingiza mpira wa maji, sabuni, napiga brashi. Njoo Jumamosi utaona linavyong'aa."

Nikaweka spana chini. "Wifi. Injini haiogeshwi."

"Aliniambia nilitunze."

"Alikwambia ulitunze, hakukwambia ni mtoto mchanga!"

Akanitazama, akatazama zile boliti, akaelewa. Nilidhani atalia. Akacheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikakumbuka kilichonileta.

Nikajiwekea ahadi: boliti ya kwanza ikitoka, ninamwambia.

Baba alikuwa akisema boliti iliyoganda haitaki nguvu, inataka adabu. Mwenye hasira huikata kichwa, halafu mwili unabaki humo ndani, na hapo umejitafutia kazi ya kutoboa chuma. Tukazisugua kwa brashi ya waya, tukazimwagia mafuta ya kulainisha kutu, tukakaa kwenye kizingiti cha jikoni kuyangoja yapenye.

Huko kungoja ndiko kulikoniua. Wifi yangu alianza kumtaja, na akimtaja sauti yake hushuka kidogo. Alisema anaukosa ukohozi wake langoni, ule wa kuwaambia waliomo ndani kwamba mwenye nyumba amefika. Alisema bado anakosea kipimo cha chakula, anapika cha wawili halafu anakula kiporo kesho yake. "Watu wanasema utazoea," akasema. "Wifi, mimi sijazoea hata siku moja. Namtamani kama ameondoka jana."

"Mnaongea lakini?"

"Tunaongea. Siku hizi anaongea haraka, kama mtu aliyeacha kitu jikoni." Akaifuta mikono kwenye ovaroli. "Kazi nyingi huko."

Nilimtazama nikamchukia mdogo wangu kwa moyo wote. Na papo hapo nikamtamani, yeye mwenyewe, yule mtoto aliyekuwa analala chini ya magari ya wateja akisubiri baba amalize kazi. Mimi pia nilikuwa nangoja akohoe langoni. Hakuna aliyeniuliza hilo.

Tukarudi kazini. Niligonga kichwa cha boliti ya kwanza kwa nyundo, taratibu, kuamsha kutu. Kisha nikaikaza kidogo.

"Unakaza tena?" wifi akashangaa.

"Unaisogeza nyuma kidogo ndipo uifuate mbele. Ukiivuta tu inakukatalia."

Nikakaza, nikalegeza, nikakaza, nikalegeza. Ikalia kama mlango wa zamani, ikakubali. Wifi akapiga kigelegele kilichomfanya jirani achungulie ukutani. Nani angemwambia mtu jambo baya juu ya kigelegele? Nikasema, basi, ya pili.

Ya pili ikatoka, na ya tatu, kila moja na ahadi yake, na kila ahadi nikaivunja. Ya nne ilikuwa imelika kichwa. Wifi alishaihangaikia peke yake kwa spana isiyo saizi yake. Tukaitia mafuta mara ya pili na ya tatu. Tukachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili tupate mkono mrefu. Nikakaza, nikalegeza, jasho likaniingia machoni, na nikajikuta naomba isitoke. Ikitoka sitakuwa na pa kujificha.

"Nipishe," akasema wifi.

Akashika bomba. Hakutumia nguvu, alikuwa amenitazama akajifunza. Mbele kidogo, nyuma kidogo, akiongea nayo chinichini kwa maneno ambayo nisingependa kuyarudia, maana yalikuwa ya mke kwa mume. Boliti ikalegea mkononi mwake.

Tukafunga pampu mpya na betri mpya alizokuwa amenunua, tukarudisha mkanda, tukajaza maji. Hakuna tone lililoanguka. Wifi akanawa mikono, akajifuta, akazunguka gari akafungua mlango wa upande wa abiria. Akaketi, akajifunga mkanda, akatazama mbele huku anatabasamu.

"Haya, washa," nikasema.

"Aka! Ataliwasha mwenyewe akija. Mimi najaribu tu kukaa."

Nikainama dirishani. Mikono yangu ilikuwa myeusi, sikujua niiweke wapi. "Wifi, haji," nikasema. "Si mwezi ujao tu. Haji kabisa. Alinipigia asubuhi. Ana mtu huko, na wana mtoto."

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama halijaambiwa. "Mtoto mkubwa?"

"Anaanza kutembea."

Akatikisa kichwa polepole, nikajua anarudi nyuma kwenye simu zote za haraka haraka, anazipanga upya. Sikumgusa. Baadaye akafungua mkanda, na badala ya kushuka, akapita juu ya gia, ovaroli ikinasa huku na huku, mpaka kwenye kiti cha dereva. Hajui kuendesha. Akageuza ufunguo. Injini ikakohoa, ikasita, ikawaka, na uani pote pakajaa mngurumo ambao sote wawili tulikuwa hatujausikia tangu aondoke. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kama mtu anayedhani injini inamfunika.

Alipotulia kidogo akanyoosha mkono nje ya dirisha. "Mpigie," akasema. "Usiseme kitu."

Nikapiga, nikaweka spika, nikampa simu. Sauti ya mdogo wangu ikatoka, "Dada? Umemwambia?" Wifi aliielekeza simu mbele, kule injini iliko. Kisha tukamsikia, sauti imepungua, si ya haraka tena: "Hilo ni gari langu. Nani ameliwasha?"

Hakukata. Sisi pia hatukukata. Tulikaa hivyo watu watatu tukiisikiliza injini, mpaka pumzi zake zikaanza kukatika kule aliko na nikajua naye analia.

"Ameshaisikia," akasema wifi, akazima gari.