Msikilizaji wa Kwanza

Mdogo wangu huandika riwaya za mapenzi ya zamani, zile ambazo ndani yake lazima mtu apotee au auawe, na msomaji ahangaike hadi ukurasa wa mwisho akijiuliza ni nani. Ameandika kumi na moja. Mtaani wanamwita Mama Mafumbo. Mimi wananiita dada yake Mama Mafumbo, ingawa nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka sita na mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Tunaishi nyumba moja tangu sote wawili tulipofiwa na waume. Chumba cha mbele ni changu, cha cherehani. Meza iko chini ya dirisha, kuliani kopo la vifungo, kushotoni pasi, na nyuma yangu kuna kiti cha mbao chenye mto wa buluu. Kiti hicho kilikuwa cha kusomea. Kila alipomaliza sura, saa nane mchana, vyombo vikishaoshwa, aliketi hapo akavaa miwani, akanisomea huku mimi nakunja pindo za watu. Nami nilikuwa na kazi yangu katika vitabu vile. Baada ya sura ya sita ananiuliza, haya dada, nani? Namtaja ninayemshuku. Nikikosea, anacheka na kuendelea. Nikipatia, anainuka bila neno na kwenda kuandika upya, maana alisema kitabu ambacho fundi wa nguo ameshajua mwisho wake naye bado anatafuta tundu la sindano, hicho si kitabu. Hapakuwa na mtu mwingine aliyesikia hata mstari mmoja kabla ya mchapishaji.

Alipoanza cha kumi na mbili, kiti kilikaa kitupu. Wiki ya kwanza nilidhani sura haijaiva. Wiki ya pili nikaona ikifika saa nane anavaa viatu. Nilipouliza, akasema anakwenda maktaba kutafuta habari za reli, kwa kuwa hadithi ni ya miaka ile reli ilipofika mara ya kwanza. Nikaona sawa, reli haiwezi kutafutwa jikoni.

Wiki ya tatu nilikuwa nafagia chumbani kwake, nikaona karatasi za mswada mezani. Sikuzisoma. Nilizitazama tu, na mwenye wivu anajua kwamba tofauti ni ndogo. Pembeni mwa maandishi kulikuwa na alama za penseli, vijistari vilivyonyooka, na mahali pengine neno moja: "Kweli?" Mwandiko wa mdogo wangu hukimbia ovyo kama kuku aliyemwagiwa maji. Huu ulikaa juu ya mstari kama watoto wanaosubiri kukaguliwa kucha. Niliujua. Ulikuwa mwandiko wa mkutubi, yule anayeandika kadi za maktaba.

Sketi zote za mkutubi nimezishona mimi. Kiuno inchi thelathini na nne, anapenda mifuko miwili, wa kulia uwe mkubwa kwa ajili ya funguo. Nikaketi kwenye kitanda cha mdogo wangu, ufagio mkononi, nikawa nazikumbuka sketi zile moja moja, ya kahawia, ya madoadoa, ile yenye marinda. Wivu wa mke na mke mwenziwe unasemwa, hata kuimbwa unaimbwa. Wivu wa bibi mwenye wajukuu saba juu ya mkutubi, utaupeleka wapi?

Nilianza kujibu kwa neno moja moja. Chai nikawa namimina yangu peke yangu. Siku moja mkutubi akaja na sketi ya kijivu, akaniamkia vizuri, akaomba nimpunguzie urefu. Nikamwambia mkono unaniuma. Mkono ulikuwa mzima kabisa, na sindano ilikuwa katikati ya vidole vyangu anaiona. Akanipa pole, akasema mdogo wangu hunisifu sana kwamba dada yake anaweza kushona mshono ulionyooka akitazama pengine. Alipoondoka nikafumua mshono mzima niliokuwa nashona. Ulikuwa umepinda. Hata sifa zangu nazipata kwa huyu!

Halafu Jumanne moja, saa nane, mdogo wangu akaingia na mswada wote kifuani. Kimekwisha, alisema, kama mtu aliyerudi na chombo cha kuazima kikiwa na ufa. Akauliza anisomee. Nikamjibu kama ana nafasi.

Alisoma siku tatu. Binti anaolewa na karani wa reli asiyempenda. Asubuhi ya harusi anaingia chumbani peke yake kuvaa, anatia komeo. Wanapovunja mlango, dirisha liko wazi, gauni liko sakafuni, binti hayupo. Nani amemchukua? Kilikuwa kitabu kizuri, na hilo liliniuma kama mwiba ndani ya soksi. Lakini Alhamisi, katika sura za mwisho, bibi harusi akapandisha zipu ya gauni lake. Na mwisho wote ukaning'inia hapo, maana uzi wa koti la mpima ardhi, mmoja wa walioshukiwa, ulikutwa umenaswa katika meno ya zipu ile, na ndipo ikajulikana alitoroka na nani.

Bibi yetu aliyenifunza kushona alikuwa msichana miaka hiyo ya reli. Magauni ya enzi zake nimeyafumua kwa mikono hii. Hayakuwa na zipu. Mgongoni kulikuwa na vifungo vidogo vilivyovikwa kitambaa, ishirini, ishirini na viwili, na kila kimoja na kitanzi chake cha uzi. Zipu ilikuja baadaye sana.

Mdogo wangu akavua miwani, akaniuliza naonaje.

Nikasema ni kizuri. Akauliza, kizuri tu? Nikamuuliza mkutubi amesemaje. Akasema mkutubi ameridhika. Basi, nikasema, nikakata uzi kwa meno.

Niliwaza hivi: kichapwe. Mafundi wazee wakisoma watacheka, na itajulikana penseli ile yenye kiherehere haikuona kitu. Kwamba juu ya jalada litakaa jina la mdogo wangu na si la penseli, hilo nililiona pia. Nikalimeza.

Jumatatu asubuhi alikuwa anafunga mswada kwa kamba aupeleke kwa mchapishaji. Mimi nilikuwa napiga pasi, nimempa mgongo.

"Kosa langu nini?" nikamuuliza.

Hakujifanya haelewi. Alimaliza fundo kwanza.

"Kitabu cha tisa," akasema, "nilikuuliza nani amemtilia hakimu sumu. Ukasema mpishi."

"Nilikosea."

"Dada, mpishi alikuwa amekufa tangu sura ya pili. Ulimlilia mwenyewe, ukapangusa machozi kwa shati la mteja."

Katika kitabu cha nane nilikuwa nimepatia mara mbili, naye akaandika upya mara mbili, hadi vidole vikavimba na kijiko hakishikiki. Nikaapa moyoni sitapatia tena. Cha tisa nilijua tangu mwanzo kwamba ni mpwa wa hakimu. Mpishi alinijia tu mdomoni.

"Cha kumi na moja ukamshuku mtoto wa miaka minne," akaendelea. "Nikajua unanihurumia. Mtu anayenihurumia nitamsomea nini? Yule mkutubi hana huruma. Aliniambia sura ya nne imelala kama maji ya dimbwi. Nililia njia nzima kurudi."

Alilia njia nzima, akaingia katika nyumba hii, akala nami meza moja, nami sikuona. Hilo lilinichoma kuliko vijistari vyote.

Nikaisimamisha pasi. "Fungua hiyo kamba."

"Ya nini?"

"Reli ilipofika, gauni halikuwa na zipu."

Akabaki na mkono juu ya fundo. "Umejua lini?"

"Alhamisi. Ulipokuwa unasoma."

"Leo Jumatatu."

"Siku nazijua."

"Mbona hukusema?"

Ningeweza kusingizia umri. Umri ni mzuri kwa kusingiziwa, hauji kukanusha. "Wivu," nikasema. "Nilitaka mkutubi aaibike."

"Na mimi?"

"Na wewe kidogo."

Alitamka neno ambalo mama yetu angemchapa kwalo, akaketi juu ya mto wa buluu, akafungua kamba. Sura tatu za mwisho akaziweka sakafuni. Pasi ikapoa. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi, vifungo hivyo vilikaaje.

Kueleza kulinishinda, nikamwambia avue blauzi yake aivae nyuma mbele. Akavaa. Nikamwambia afunge. Viwili vya chini alivifikia, cha juu alikigusa kwa ncha za vidole, vya katikati wapi. Alizunguka chumba kama mbwa anayefukuza mkia, viwiko hewani, akagonga meza na kopo likamwagika. Akaniambia basi nimfunge, asije akateguka bega. Nikasimama nyuma yake nikaanza chini kwenda juu. Nilipofika katikati akatulia ghafla.

"Bibi harusi alikuwa peke yake chumbani," akasema.

"Ndivyo ulivyoandika."

"Basi hakuwa peke yake. Asingeweza. Kuna mtu alimfunga vifungo, akatoka, ndipo yeye akatia komeo. Halafu mtu huyo akasimama mbele ya watu wote akasema hajui kitu."

Nilikuwa kwenye kifungo cha nne kutoka juu.

"Ana dada mkubwa," akasema polepole. "Nimempa mistari minne tu kitabu kizima. Yeye ndiye alijua. Alijua siku zote akanyamaza."

Sikumuuliza dada huyo amemwona wapi.

Akanyoosha mkono akachukua simu mezani, blauzi nyuma mbele, miwani kipajini. Nilidhani anampigia mchapishaji kuomba radhi. Nikasikia, "Mkutubi, nimepata, sikia." Akaanza kumhadithia yote, vifungo, vitanzi, komeo, dada. Alisema wazi kwamba ni mimi niliyeliona kosa, siwezi kumsingizia. Lakini alisema kule, simuni, na kicheko chake kizuri cha kupata kitu akakimwagia kule, nami niko hatua moja nyuma ya shingo yake.

Kilibaki kifungo cha juu kabisa. Nikakifunga bila haraka, nikakivuta kidogo zaidi ya inavyostahili. Akakohoa, akakilegeza kwa kidole, akaendelea kuzungumza.