Siri Niliyompa Mtani

Vumbi la Bungu halina adabu. Gari la Dar likishapita linainuka jekundu, linavuka barabara, linaingia ndani bila hodi, linakaa juu ya mkeka, juu ya mchele, juu ya kope. Mama mwenzangu, mimi nilisoma mpaka darasa la nne, mwandiko wangu unapinda. Nisome hivyo hivyo. Nakuandikia usije ukafanya nililofanya.

Nina binti, Sihaba. Kafundisha shule ya Mbwara miaka kumi na sita, kalea, kafiwa na mume, ndipo akataka kusoma. Ilikuwa enzi zile za ruksa, maduka yamefunguka, mitumba imejaa mpaka barazani, kila mtu anakimbilia biashara. Yeye akakimbilia daftari. Akaanza chuo cha huko bara, akahamia chuo kikuu cha mjini, na miaka miwili ya masomo aliyokwenda nayo wakamhesabia mmoja tu. Mwingine wakaukata. Akakaa darasa moja na vijana rika la mwanawe wa kwanza. Miaka arobaini, anabeba mkoba.

Mimi niliogopa. Mume wangu alipokufa niliogopa zaidi. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Nikawa nasikiliza: jogoo, kinu cha jirani, pumzi yangu mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu akirudi chuoni, nitabaki na nani?

Alikuja kwa arobaini ya baba yake. Mimi niko eda, ndani, na nguo zangu nyeupe. Yeye miguuni pangu, ungo mapajani, anachambua mchele. Hapo ndipo aliponiambia, macho kayainamisha kwenye ungo, kwamba darasani wanamwita mama na kumpisha kiti. Kwamba siku walipomkatia ule mwaka aliingia bafuni, akafungulia bomba mpaka mwisho, akalia, maji yakimfunika sauti. Kisha akacheka kidogo.

"Lakini naweza, mama. Umebaki mwaka mmoja tu."

Mama mwenzangu, hayo machozi hakuwa amemwonyesha mtu. Mimi nikayachukua, nikampa Mwanaheri.

Mwanaheri ni mtani wetu. Unajua mtani kwetu: msibani anaweza kujilaza kaburini akakataa kutoka, anaweza kumtukana marehemu wako ukiwa na kilio kooni, nawe huna ruhusa ya kununa. Mtani hujibiwa kwa utani, basi. Ndiyo maana nilimwita yeye. Nikamnong'oneza yote. Nikamwambia, mwaibishe kidogo tu, abaki.

Siku ya arobaini, pilau likipakuliwa, Mwanaheri akatokea na miwani ya waya, mkoba wa mtoto begani, akakaa katikati ya wanawake, akajifanya Sihaba darasani. Mwalimu, anaomba ruhusa, mjukuu analia. Mwalimu, jino limeng'oka, aliweke kwenye daftari au mfukoni? Wanawake hoi. Sihaba naye hoi, akamrudishia kwamba yeye Mwanaheri shule aliishia mlangoni, akauliza chakula kiko wapi, akageuza.

Kisha Mwanaheri akasimama, akajificha nyuma ya kanga, akazungusha mkono hewani. Shwaaa. Akalia ndani ya maji yake ya uongo. Shwaaa.

Walicheka wote. Nami ndani nilicheka, Mungu anisamehe. Sihaba peke yake aliacha. Hakumtazama Mwanaheri. Alitazama dirisha langu.

Asubuhi gari likapiga honi, hakupanda. Nikashukuru. Kesho yake likapiga honi, hakupanda. Wiki ikapita, ikapita miezi, chuo kikamwondoa kwenye orodha. Nilichokitaka nilikipata chote, mama mwenzangu. Chote.

Eda yangu ilipokwisha nilimfuata shambani. Alikuwa anapalilia. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtuma Mwanaheri. Hakusimamisha jembe.

"Najua, mama. Lile bomba nilikwambia wewe tu."

Nikalia. Nikamwambia basi arudi, aandike barua, watampokea, mimi nitakaa na upweke wangu, umenizoea. Hapo akasimama. Akafuta jasho, akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulioniua.

"Nirudi, halafu siku yakinishinda nimwambie nani?"

Tangu hapo hajanikosea hata siku moja. Ananitekea maji, ananifulia, ananipaka mafuta miguu. Namuuliza habari, njema. Namuuliza kulala, salama. Hana jambo, hana ndoto, kichwa hakimuumi. Tuko nyumba moja, naye yuko mbali kuliko Dar.

Gari likipita, vumbi linaingia. Sihaba anachukua kitambaa, analifuta mezani, analifuta kwenye kiti cha baba yake, na akinifikia mimi ananiondolea la begani kwa ncha ya kanga, taratibu, kwa heshima, kama anavyofanyiwa mgeni.